Mvua Niliiandikia, Msiba Sikuuandikia

Kuze, Mombasa
Ijumaa, baada ya alasiri

Hamza mwanangu,

Salamu zimekuwa adimu katika nyumba hii tangu juzi, kwa hivyo nami sitakumiminia nyingi. U hali gani, nakuuliza, na jibu nalijua: umekasirika. Mimi pia nimekasirika. Basi tumeshaamkiana, tuendelee.

Anayeandika ni dada yako Rukia. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sababu macho yangu unayajua. Tangu mtoto wa jicho azidi, mstari wa karatasi nauona kama kamba ya nguo inayopigwa na upepo. Nimemwambia aandike Kiswahili cha shuleni, kile anachosifiwa na mwalimu wake, lakini asinilainishie maneno. Nikisema neno kali aliweke kali. Ameitikia, "Ndiyo, baba." Ila namjua. Ana tumaini kwamba barua ikiwa nzuri, watu nao watakuwa wazuri.

Umevuka Feri kwenda Likoni kumuaga shangazi yako, na utarudi pamoja na magharibi. Nataka barua hii iwe imekwisha kabla hujarudi. Tukikaa uso kwa uso tutagombana tena, na kesho alfajiri unapanda basi la Nairobi. Ya sweta na baridi, ya kuchagua mkahawa, ya kutolala na mlango wazi, hayo atakwambia mama yako, na atakwambia mara tatu. Mimi nitakwambia ya kazi. Unakwenda kufanya kazi ile ile iliyoniangusha, na unakwenda kuifanya chini ya mkono wa jamaa za mtu aliyeniangusha.

Rukia ananiambia nianze na mambo yalivyo, kisha hasira zifuate. Haya.

Bwana Twahiri alitutaka tumjengee upya nyumba yake ya wageni, ghorofa tatu, katika kichochoro kilicho nyuma ya msikiti. Ile nyumba imegusana ukuta kwa ukuta na nyumba yao ya ukoo. Mkataba ulikuwa na tarehe ya kumaliza, nasi tuliivuka. Yeye anasema kuchelewa ni kwangu mimi, na fidia ya kuchelewa anayoidai imekula kila kilichobaki cha malipo yangu. Sasa inainyemelea nyumba hii ulimozaliwa, ambayo niliiweka rehani ili kazi yake ianze. Jumatatu msuluhishi anakaa kutusikiliza, mhandisi mstaafu ambaye pande zote mbili tulimkubali. Na Jumatatu hiyo hiyo wewe unaanza kazi Nairobi kwa shemeji yake Bwana Twahiri. Aliyekutafutia kazi ni Bwana Twahiri mwenyewe.

Juzi mezani nilikuuliza, na sijasahau ulivyonijibu.

"Kazi hii imekuja vipi?"

"Imekuja kama kazi zinavyokuja, baba. Mtu amenipendekeza."

"Mtu gani?"

"Si wamjua."

"Na lazima iwe Jumatatu?"

"Kesi ni yako, baba. Nilipotaka iwe yangu pia, ulinambia nikae kimya."

Mama yako aliondoa sahani kabla hatujamaliza kula. Tangu hapo wewe na mimi tunapishana ukumbini kama wapangaji wawili.

Umesema kweli. Nilikuambia ukae kimya. Nitafika huko, lakini siwezi kufika bila kupita Mbaraki kwanza, kwa sababu kosa langu halikuanzia kwa Bwana Twahiri.

Nilipokuwa na umri kama wako, kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa ghala moja pale Mbaraki. Mwenye ghala alikuwa rafiki yangu. Tulisoma chuo kimoja, kwa mwalimu mmoja, tukichapwa kwa bakora moja. Vyuma vya paa alikuwa anavileta yeye, navyo vikakwama gatini. Nilingoja, nikangoja, sikumwambia kitu. Tukikutana kwenye baraza la kahawa twazungumza mambo ya mpira. Moyoni nachemka. Kisha siku moja nikakaa nikaandika barua ya kuomba muda, kila neno lake ni haki, na kila neno lina mwiba. Nikampa tarishi aipeleke. Rafiki yangu aliisoma mbele ya makarani wake.

Muda niliouomba alinipa. Hakubishana hata kidogo. Lakini tangu siku ile nikifika barazani yeye humaliza kikombe chake na kuinuka. Alipomwoza mwanawe, mwaliko haukupita mlangoni kwangu.

Nikajifunza somo kutoka hapo, nalo lilikuwa somo baya. Nilijiambia kwamba barua huua urafiki. Nililibeba somo hilo miaka yote, nikajiona mtu mwenye busara. Kumbe barua haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba barua ile ndiyo iliyokuwa habari ya kwanza kwake. Sikwenda kwa miguu yangu kumwambia, "Bwana, vyuma vyako vimechelewa, nami nachelewa pamoja navyo, nitakuandikia ili tusije tukasahau." Niliandika siku niliyokasirika badala ya siku jambo lilipotokea. Watu wengi wa mji huu tuko hivyo, Hamza. Tunanyamaza kwa adabu mpaka adabu iishe, kisha tunaandika.

Sasa tuje kichochoroni.

Mwaka wa ile mvua kubwa unaukumbuka. Msingi ulijaa maji hadi kiunoni. Mawe yalishushwa Makupa na kukaa huko huko, kwani mikokoteni haikuweza kupita vichochoroni, na lori haliingii hata siku ya jua. Wewe ulikuwa karani wa saiti, umetoka chuo cha ufundi juzi juzi, ukiandika kila kitu hata mtu akipiga chafya. Ukaandika notisi kwamba mvua imetuzuia, nikatia sahihi, nikaipeleka mwenyewe. Msanifu wa jengo akatuongezea muda. Bwana Twahiri aliitia sahihi huku akicheka.

"Mvua haina mwenyewe, Mzee Bakari," akasema. "Tumlaumu nani?"

Hakuna aliyekasirika. Tulikunywa kahawa juu ya karatasi ile, ikabaki na duara la kikombe. Ilikuwa rahisi, kwa sababu kumwandikia mtu habari ya mvua si kumwonyesha kidole.

Kisha akafa Bi Zena, mama yake Bwana Twahiri.

Nakumbuka alivyokuwa akifungua dirisha la juu na kunipigia kelele. "Bakari, vumbi lako litanizika kabla ya siku zangu." Nami humjibu, "Bibi, wewe utatuzika sote, na vumbi letu." Saa nne hutuma sinia la mahamri kwa mafundi. Katana, fundi wetu mkuu, mtu wa Rabai, alikuwa akisema hajawahi kufanya kazi katika saiti ambayo malalamiko huja pamoja na mahamri.

Asubuhi aliyokufa, Katana alikuwa Makupa akipokea mawe. Mlangoni pa saiti tulikuwa wawili, mimi na wewe. Bwana Twahiri alitoka na kanzu ya kulalia, macho mekundu. Naliandika hapa lililosemwa kama nilivyolisikia, nawe ulilisikia, kalamu iko sikioni mwako.

"Mzee Bakari."

"Mungu akupe subira, Bwana Twahiri."

"Amin. Nakuomba jambo moja. Wanyamazishe watu wako. Nyundo zapiga kichwani mwa maiti."

"Umeshasema."

"Mpaka tuanue matanga."

"Mpaka utakaponambia wewe."

Jibu langu hilo la mwisho nimelilalia na kuliamkia. Yeye aliomba mpaka matanga, mimi nikampa mpaka atakapotaka. Nani aliniomba ukarimu huo? Lakini mtu wa kwetu akiwa na msiba hapimiwi pole kwa kijiko. Tuliweka nyundo chini. Mafundi walinawa mikono, wakaenda kuchimba kaburi, Waislamu na Wakristo, Katana akiwa mbele. Mimi nililichukua jeneza begani.

Matanga yakaanuliwa, lakini nyumba haikupungua watu. Jamaa wa Lamu walifika, kisha jamaa wa Maskati, wakalazwa vyumba vya juu, vile vilivyogusana na ukuta wetu. Nilituma kuuliza, nikajibiwa, "Bado kidogo, mzee." Nikatuma tena. "Bado kidogo." Wakawa wanangoja khitma ya arubaini. Mashine ya zege tuliyoikodi ilikaa chini ya turubai kama mgonjwa. Katana akanijia.

"Mzee, vijana wapata kazi Likoni. Niwazuie kwa nini? Kwa pole?"

"Mtu hafi kila siku, Katana."

"Naam. Na fundi ala kila siku."

Wakavuka Feri, na siwalaumu. Arubaini ilipopita, nyumba ya Bwana Twahiri ilikuwa na kimya na saiti yetu ilikuwa na kimya zaidi. Waashi wazuri walikuwa wameshashikwa na kazi ya ng'ambo, na hawakurudi mpaka walipoimaliza. Hilo ulijue huko uendako. Kazi ikisimama, haisimami kwa siku zile tu ulizoambiwa usimame. Ni kama mtu aliyeugua, siku ya kutoka kitandani si siku ya kubeba gunia.

Sasa nimefika penye kimya chako.

Siku ya tatu ya msiba ulinijia na karatasi. Ulikuwa umeiandika vizuri, mistari michache, na mstari wa kwanza ulikuwa wa rambirambi. Mafundi walikuwa wamekaa juu ya mawe, wakingoja khitma.

"Baba, ni kijibarua tu. Nasema tumepokea ombi lake, tumesimama, na tutaomba muda kwa siku hizo. Tia sahihi nikipeleke. Au nikupeleke wewe, useme kwa mdomo, mimi nimpe mkononi."

Kila neno ulilosema lilikuwa sawa. Hata namna ya kupeleka ilikuwa sawa, ile niliyoikosa Mbaraki. Nami nikakuinukia mbele ya watu.

"Huna haya wewe? Mtu hajafuta machozi, wampelekea makaratasi? Nani aliyekulea?"

Nikaichana. Vipande nikakutupia kifuani. Kuna kijana mmoja alicheka, na kicheko kile bado nakisikia, sembuse wewe. Katana akasema polepole, "Basi, mzee, basi." Wewe uliinama ukaokota vipande kimoja kimoja ili visichafue mahali pa msiba. Tangu siku hiyo mbele ya watu hujaniita baba. Waniita Mzee Bakari, kama wateja.

Rukia ameacha kuandika. Nimemwambia aendelee.

Nilifikiri nailinda heshima. Ukweli ni kwamba nilikuwa nalinda sifa yangu ya kuwa mtu wa heshima, na hivyo ni vitu viwili. Mtu wa heshima angempelekea Bwana Twahiri karatasi ile na kumshika mkono. Mimi nilitaka nionekane kwamba mbele ya maiti sina habari ya kazi wala ya tarehe. Nilikuwa nazo zote mbili kichwani, wallahi, hata makaburini.

Ilipokuja hesabu ya kuchelewa, tuliitwa ofisini kwa mkadiriaji wa gharama wa Bwana Twahiri, huko Mbaraki. Wewe hukuwapo, nilikuacha saiti kwa makusudi. Bwana Twahiri alikaa kando yake, kanzu imepigwa pasi, mkono juu ya mkono.

"Nani aliyekwambia usimame?" akaniuliza.

"Wewe. Mlangoni."

"Mzee Bakari, siku ile mimi sikujua hata viatu vyangu viko wapi. Mtu aliye na msiba haagizi kazi. Ulisimama kwa heshima yako, nami nilikushukuru. Umesahau nilivyokushukuru?"

Mkadiriaji akauliza, "Kuna maandishi?"

"Kuna maiti," nikamwambia. "Kuna kaburi. Nenda kalisome."

Hakucheka wala hakukasirika. "Kaburi latuonyesha kuwa mtu amekufa, mzee. Halituonyeshi nani aliyesimamisha kazi."

Nikainuka. Bwana Twahiri akanisindikiza mpaka mlangoni, kama mwenye nyumba mwema, akaniambia kwa sauti ndogo, "Ungeandika, ningetia sahihi. Wallahi ningetia."

Nilitaka kumtia kofi. Nilipofika barabarani nikakaa kwenye ngazi za duka la watu. Na unajua kilichonikalisha? Ni kwamba nilimwamini. Wiki ile ya msiba angetia sahihi bila ya kusoma. Wiki ile alinipenda. Alikuwa ameniona na jeneza la mama yake begani mwangu. Karatasi hupelekwa wakati watu wangali wanapendana, Hamza. Hapo ni kumbukumbu tu. Ukingoja mpaka wachukiane, karatasi ile ile inakuwa silaha, na aliyeikosa hana ngao.

Hapa nimemtaja Bwana Twahiri kwa jina ambalo Rukia ameweka kalamu chini kwa ajili yake.

"Baba, hilo umeliona au umelidhani?"

"Nimelidhani kwa haki."

"Mwalimu asema tuandike tuliloliona, kisha msomaji adhani mwenyewe."

Basi limeachwa. Nitasema nililoliona. Kazi yako ya Nairobi ilikuja baada ya majina ya mashahidi kupelekwa pande zote mbili, na kwa upande wangu jina lilikuwa moja, lako. Dhani mwenyewe.

Nami nisijifanye nimeonewa tu. Nilipokaa kuyaandika madai yangu, hasira iliniongoza, nikakosa mara ya pili. Kila siku iliyopotea niliitia ndani ya jeneza la Bi Zena. Hata wiki za madirisha nilizitia humo. Wajua madirisha yale niliyapima mwenyewe, macho yangu haya haya, nikakataa usiyapime tena, seremala akayachonga, yakaja hayaingii. Msiba ulihusika na nini hapo? Mkadiriaji aliyaona madirisha mara moja. Tangu alipoyaona hakuamini tena hata jeneza. Mtu akikukamata na uongo mdogo katika dai la kweli, anaruhusiwa kulitupa lote, na hutakuwa na mdomo wa kumlaumu. Juzi nimeyaondoa madirisha. Nimeandika kwamba kosa lile ni langu. Rukia ndiye aliyeandika, na aliandika akitabasamu, nikamuuliza anachekea nini wakati nyumba inakwenda. Akasema, "Sasa yaliyobaki yanasomeka, baba." Sijui kama ni hivyo.

Huko uendako utakaa upande wa pili wa meza, wa kupokea madai. Siku moja ataingia mkandarasi kama mimi, saruji kwenye kucha, maneno mengi, karatasi hana. Sikuombi umpe asichostahili. Nakuomba usimngojee aanguke. Mwambie siku hiyo hiyo, "Mzee, uliloniambia liandike, uniletee leo, mimi sitakasirika." Ukiweza kufanya hivyo mara moja tu, nitajua kwamba vipande ulivyoviokota hukuvitupa.

Hasira zangu kwako zimebaki, usidhani zimekwisha. Nina hasira kwamba umekubali mkono wa mtu yule. Nina hasira kwamba ulinificha mpaka tiketi ikakatwa. Na nina hasira zaidi kwa kuwa nikikutafutia kosa nakuta mlangoni nimesimama mimi, na vipande vya karatasi. Hilo ni tusi gumu kumeza, mtoto akiwa na sababu.

Mama yako ametaka nikuambie kwamba ukienda usirudi Jumatatu kusema ulilolisikia, radhi hupati. Nimemkatalia, tumegombana na yeye pia, sasa amejifungia jikoni anakukaangia visheti vya safari na kuvigonga kama adui. Radhi sitaiweka kwenye mizani. Bwana Twahiri ameweka kazi upande mmoja. Mimi nikiweka radhi upande wa pili, tutakuwa wanunuzi wawili, na wewe samaki mmoja kwenye meza ya soko. Radhi yangu unayo. Unayo ukija, unayo usipokuja. Nimeitoa leo, Rukia na mama yenu ni mashahidi, na haina masharti ndani yake.

Lakini dai langu ni jambo jingine, nalo nalileta kwa maandishi, kwa wakati, kabla hatujachukiana vya kutosha.

Nakudai ulilolisikia mlangoni pa saiti. Hilo tu. Sikudai unitetee. Msuluhishi akikuuliza kama Bwana Twahiri aliomba tusimame, sema ulichosikia. Akikuuliza kama nilimjibu "mpaka utakaponambia wewe", sema ndivyo, hata kama atatikisa kichwa kwa ujinga wangu. Akikuuliza kama kuna mtu aliyenishauri niandike, sema ni wewe, na sema nilichokifanya na karatasi yako. Usinifunike. Mwanasheria wa Bwana Twahiri atalipenda neno hilo, huenda likanishinda, na nyumba ikaenda. Nimelifikiria. Afadhali nishindwe na neno lako la kweli kuliko nishinde kwa kimya chako. Kimya nimeshakiishi, nakijua kinavyolipa.

Na ukifika mbele za watu wale, nitasema jambo ambalo hakuna atakayeniuliza. Nitasema kwamba karani wangu alikuwa na haki siku ile, na kwamba nilimwaibisha bila ya kosa, mbele ya mafundi. Katana atakuwepo, nimemwomba aje na yule kijana aliyecheka, kama atapatikana. Hutaki kuja, nitalisema vile vile. Silisemi ili uje.

Kikao ni chumba cha juu, Makupa, saa tatu asubuhi. Basi linaloondoka Nairobi Jumapili usiku lafika alfajiri. Shemeji yake Bwana Twahiri akiwa mtu mwema atakungoja siku moja. Asipokungoja, utakuwa umejua ni kazi ya namna gani.

Hii ndiyo notisi, Hamza. Safari hii sikungoja nikasirike hadi mwisho, na sikumpa tarishi. Isingekuwa macho, ningekuandikia kwa mkono wangu.

Rukia ameandika nakala mbili. Moja ameitia kwenye mkoba wako, chini ya sweta. Ya pili itakuwa mezani. Chini yake nimemwambia aache mstari mtupu, kama tulivyokuwa tukifanya kazini, wa mtu kutia sahihi kwamba imemfikia. Kutia sahihi si kukubali dai, wewe wajua kuliko mimi. Ni kusema tu kwamba uliambiwa. Kabla hujatoka kesho, tia sahihi. Usiniamshe. Nitakuwa macho, lakini usiniamshe. Nitakuja kuupapasa mstari ule kwa kidole.

Baba yako,
Bakari

Kaka Hamza, baba ameniambia niishie hapo, na nimeishia. Nimeyaandika yote kama alivyoyasema, isipokuwa lile jina moja. Kalamu nimeiacha juu ya nakala ya mezani. Nimeijaribu pembeni, wino unatoka vizuri, na ukiikandamiza inaacha alama ambayo mtu anaweza kuihisi.